Kabla Hujanunua Dawa ya Kutoa Sumu Mwilini

Dukani kwetu hapa Nakuru haipiti wiki bila mtu kuuliza: "Daktari, hamna dawa ya kuosha damu?" Mara nyingi anayeuliza amechoka, au uso umejaa chunusi, au tumbo halijatulia, na kuna ujumbe wa WhatsApp uliomwambia kwamba mwili wake umejaa kemikali. Mimi si daktari, ni mhudumu wa duka la dawa. Lakini kwa miaka niliyosimama nyuma ya kaunta nimeona pesa nyingi zikiishia kwenye sumu isiyokuwepo, huku ile iliyopo ikiachwa ifanye kazi yake nyumbani.

Tuanze na hiyo damu. Figo huchuja takriban lita 180 za majimaji kutoka kwenye damu kila siku, zikarudisha karibu yote mwilini na kuacha lita moja au mbili zitoke kama mkojo. Ini nalo hubadilisha dawa, pombe na mabaki mengine yawe vitu vinavyoweza kutoka kwa mkojo au choo. Kazi hiyo haisimami hata ukilala, na hakuna chai inayoweza kuifanya badala yao. Zile pakiti za chai zinazouzwa kwenye steji, zigeuze usome nyuma: nyingi zina sanamaki, majani ya kuendesha tumbo. Utaenda choo mpaka uchoke, mizani itashuka, utaamini sumu imetoka. Kilichotoka ni maji na chumvi ambazo mwili ulikuwa unazihitaji, ndiyo sababu unasikia kizunguzungu.

Halafu kuna ile mashine ya miguu. Beseni la plastiki, maji ya uvuguvugu, chumvi kidogo, na kifaa cha chuma kilichounganishwa na umeme. Unatumbukiza miguu. Baada ya dakika chache povu linapanda, maji yanageuka manjano, kisha kahawia, na mwenye mashine anaanza kunyoosha kidole: hii imetoka kwa ini, hii kwa figo, hii kwa viungo. Mama mmoja tunayesali naye alikuwa amelipia, nami nilikuwa nimemsindikiza. Alipomaliza nilimwomba mwenye mashine amwage yale maji, aweke mengine na chumvi yake, aiwashe bila mguu wa mtu. Alisita, lakini foleni nzima ilikuwa inasikiliza. Maji yakawa kahawia vilevile. Umeme ukipita kwenye chuma ndani ya maji ya chumvi, chuma huliwa na kutu hubaki majini, mguu hauhusiki. Mama yule ana kisukari, na pesa alizotoa zilikuwa za vidonge vyake. Hilo liliniuma na bado linaniuma.

Sasa tazama upande wa pili. Watu wanaoogopa kemikali hununua Panadol bila wasiwasi wowote. Mtu mzima hapaswi kupita gramu 4 za paracetamol, dawa iliyomo kwenye Panadol, kwa siku, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, na mwenye ini bovu au mnywaji wa pombe anafaa kushuka chini ya hapo. Ini hubadilisha sehemu ndogo ya dawa hii ikawa kitu chenye sumu, kisha hukipoza kwa akiba iliyo nayo. Dozi ikizidi, akiba inaisha na ini lenyewe linaanza kufa. Wengi hupitiliza bila kujua: kidonge cha kichwa asubuhi, dawa ya mafua mchana, ya mgongo usiku, zote zikiwa na paracetamol ndani. Uliza kabla ya kuchanganya. Kuuliza dukani ni bure.

Huyo huyo atakuambia hawezi kutia dawa kwenye maji kwa kuwa ni kemikali. Nyumbani kwetu Busia kuna vitangi vya klorini kando ya chemchemi: unaweka kipimo kwenye mtungi wa lita 20, unachota, unasubiri nusu saa. Wapo waliokataa kwa miaka kwa uvumi kwamba inaharibu uzazi. Haiharibu. Shirika la Afya Duniani linaruhusu mpaka miligramu 5 za klorini kwa lita moja ya maji ya kunywa kila siku, maisha yote. Wakati huohuo kipindupindu na homa ya matumbo havisubiri uvumi uishe. Klorini nitakayokukanya ni ile ya Jik ukiichanganya na dawa ya choo yenye asidi. Hapo hutoka hewa inayochoma mapafu, na chooni hakuna nafasi ya kuikimbia.

Kwa sisi wa Bonde la Ufa, kitu cha kuogopwa majini hakikutoka kiwandani. Maji ya chini ya ardhi huyeyusha floridi, madini yaliyomo kwenye miamba ya volkano, na visima vingi vya hapa Nakuru, Gilgil na Naivasha hupita kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita. Meno ya kahawia ya watoto wetu yametoka huko, na mtoto hudhurika zaidi meno yakiwa bado yanajijenga ndani ya ufizi, kabla ya miaka minane hivi. Kiwango kikiwa kikubwa sana kwa miaka mingi, mifupa nayo huumia. Kuchemsha hakusaidii: maji hupungua, floridi hubaki palepale, kwa hiyo unaizidisha. Ukiwa na mtoto mdogo, mwekee maji ya mvua ya kunywa na kupikia, au tumia kichujio cha mkaa wa mifupa kama vile Dayosisi ya Katoliki ya Nakuru ilivyovisambaza. Floridi hiyohiyo, kidogo, ndiyo iliyomo kwenye dawa ya meno ikiyalinda.

Bibi zetu kule Busia walijua kwamba kitu cha shambani kinaweza kuua. Muhogo mchungu hawakuula hivihivi. Waliumenya, wakauvundika mpaka ukaota ukungu, wakaukwangua, wakauanika juani, ndipo wakausaga na mtama. Hatua hizo huondoa sehemu kubwa ya sianidi, sumu iliyo ndani ya muhogo huo. Siku hizi namwona mtu akiruka hatua mbili ili unga ufike sokoni haraka, na hilo linanitia hofu kuliko klorini yote ya chemchemi. Wajawazito wanaotafuna odowa nao wakumbuke kwamba jiwe kutoka ardhini linaweza kuwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu.

La mwisho ni la dharura. Mtoto akinywa mafuta taa, ambayo karibu kila mara yalikuwa kwenye chupa ya soda, usimpe maziwa na usimtapishe. Akitapika, mafuta huingia kwenye mapafu, na hapo ndipo hatari kubwa ilipo. Aliyemeza dawa ya kupulizia mimea naye usimpe maziwa, hayaui sumu hiyo. Kama imemmwagikia, mvue nguo umwoshe kwa sabuni na maji mengi, nawe ukivaa glavu au karatasi za plastiki mikononi, maana hupita kwenye ngozi. Akitokwa na mate na jasho jingi na mboni za macho zikawa ndogo, muda ni mfupi. Hospitalini kuna sindano ya atropini. Nendeni na chupa yenyewe, hata kama ni tupu, ili daktari asome ilikuwa na nini.