Serikali Tuliichagua Wenyewe: Je, Tuna Haki ya Kuandamana Tukiitaka Iondoke?

SWALI: Shikamoo wakili. Mimi ni kijana wa Likoni, Mombasa, katibu wa kikundi chetu cha mtaani. Tunataka kuandamana, tuvuke kivuko hadi ofisi za serikali upande wa kisiwani, tuseme maisha yametushinda na tumtake Rais ajiuzulu. Wazee wetu wamegawanyika. Mmoja, mwalimu mstaafu, anasema serikali hii iliingia kwa kura, kwa hivyo kuitoa kwa miguu ni mapinduzi, tungoje 2027. Mwingine anasema serikali yenyewe ni dhaifu, imeshayumba, tukiisukuma itaanguka na watakaookota ni wanajeshi. Juu ya hayo, tulipopeleka barua kituo cha polisi tuliulizwa kibali kiko wapi. Je, maandamano yetu ni halali?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nianze na mwalimu, maana hoja yake ndiyo nzito.

Ana haki kusema serikali hii ni halali. Wakenya walipiga kura tarehe 9 Agosti 2022, matokeo yakapingwa, na tarehe 5 Septemba majaji wa Mahakama ya Juu wakayathibitisha kwa kauli moja. Kesi hiyo imekwisha. Lakini Kifungu cha 37 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kukusanyika, kuandamana, kusimama nje ya ofisi na mabango, na kupeleka malalamiko kwa mamlaka za umma, kwa amani na bila silaha. Kisome mpaka nukta ya mwisho. Hutakuta mahali palipoandikwa kwamba haki hiyo inalala serikali ikiwa imechaguliwa, kisha inaamka uchaguzi ukikaribia. Kifungu cha 1 nacho kinasema mamlaka yote ni ya wananchi, na wanaweza kuyatumia wenyewe moja kwa moja au kupitia wawakilishi waliowachagua. Kura ni njia mojawapo tu.

Mwalimu amekula chumvi, kwa hivyo atakumbuka Saba Saba, tarehe 7 Julai 1990, watu walipopigwa wakitaka kukusanyika Kamukunji. Enzi hizo mkutano ulihitaji leseni. Leseni iliondolewa mwaka 1997, ikabaki taarifa tu. Nitarudi kwenye hiyo taarifa, kwa sababu naona askari wa zamu bado hajapata habari.

Sasa neno lenu, “ajiuzulu”. Hapa watu wengi huchanganya mambo. Kumtaka Rais ajiuzulu ni kumwomba afanye jambo ambalo Katiba yenyewe imemruhusu: Kifungu cha 146 kinasema anaweza kujiuzulu kwa kumwandikia Spika wa Bunge la Taifa. Ikiwa kitendo ni halali, kukiomba kwa sauti kubwa barabarani hakuwezi kuwa uhaini. Jihadharini tu na mipaka. Mwaka 2025 tuliona vijana wakifikishwa mahakamani kwa mashtaka ya ugaidi baada ya majengo kuchomwa, na kesi ya aina hiyo humla mtu miaka hata kama mwishowe ataachiliwa.

Na mnajua mnaomba nini? Rais akijiuzulu leo, kifungu hichohicho kinasema Naibu wake ndiye anayeshika hatamu mpaka muhula uishe. Uchaguzi mpya haumo. Nimekaa na vikundi vya vijana walioshangaa waliposikia hivyo. Kama mtu mnayemtaka si yule anayefuata kwenye mstari, basi bango lenu linaomba kitu msichokitaka.

Mwalimu anapata nguvu sehemu moja. Kifungu cha 3 kinasema jaribio lolote la kuunda serikali bila kufuata Katiba ni haramu. Kwa hivyo siku mtakaposema mnaenda kukalia ofisi mpaka “kamati ya wananchi” iapishwe, mtakuwa mmetoka chini ya mwavuli wa Kifungu cha 37, hata kama mko laki moja na hata kama kila mnachokisema kuhusu bei ya unga ni kweli. Wingi wa watu barabarani hauhesabiwi kama kura. Waliobaki nyumbani nao ni wananchi, na hakuna aliyewauliza.

Mzee wa pili anazungumzia udhaifu. Sheria yetu haina kitu kinachoitwa serikali dhaifu. Kule Uingereza kipo, kwa namna fulani: Machi 1979 serikali ya James Callaghan ilishindwa kura ya imani kwa kura moja tu, 311 kwa 310, uchaguzi ukaitishwa. Sisi tuliiacha njia hiyo katika Katiba ya 2010. Rais wetu ana muhula wa miaka mitano, awe na wabunge nyuma yake au asiwe nao. Ukiacha maradhi ya mwili au akili yanayomfanya asiweze kazi, anaweza kuondolewa tu kwa makosa mazito: kuvunja Katiba kwa kiasi kikubwa, uhalifu, au utovu mkubwa wa maadili. Theluthi moja ya wabunge waianzishe hoja, theluthi mbili waipitishe, kisha theluthi mbili ya maseneta. Msifikiri ni maneno ya vitabuni. Oktoba 2024 Rigathi Gachagua, akiwa Naibu Rais, aliondolewa kwa mlango unaofanana na huo: Bunge la Taifa tarehe 8, Seneti tarehe 17. Siku tisa. Mlango upo, ila ufunguo wanao wabunge, na barabara haiwezi kuuzungusha.

Basi barabara inafaa nini? Inafaa kumfanya mwenye ufunguo akumbuke anao. Chukua Juni 2024, vijana walipoandamana kupinga kodi mpya. Tarehe 25 wabunge 195 waliupitisha Mswada wa Fedha dhidi ya 106 walioupinga. Kwa hesabu ya Bunge, mambo yalikuwa yamekwisha. Kesho yake Rais William Ruto akatangaza hatautia saini, akaurudisha akipendekeza vifungu vyote vifutwe. Uwezo wa kuurudisha mswada anapewa na Kifungu cha 115, na ulikuwepo tangu zamani. Vijana hawakumpa mamlaka mapya. Walimpa sababu ya kuyatumia aliyokuwa nayo. Tarehe 11 Julai akawafuta kazi mawaziri wake wote isipokuwa Musalia Mudavadi. Hilo nalo ni mamlaka yake ya kila siku. Serikali haikuanguka, Katiba haikuvunjwa na waliodai, na sera ikabadilika.

Gharama yake usiisahau. Siku ileile ya tarehe 25 umati uliingia Bungeni, sehemu ya jengo ikachomwa, na risasi zikapigwa. Kufikia tarehe 1 Julai Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilikuwa imehesabu watu 39 waliouawa nchini. Aliyeingia Bungeni kwa nguvu hakulindwa na Kifungu cha 37. Lakini kutolindwa na kifungu hicho si ruhusa ya kumpiga risasi: sheria ya polisi inaruhusu silaha ya moto pale uhai ulipo hatarini na njia nyingine zimeshindikana, na kila kifo lazima kiripotiwe kwa IPOA, mamlaka inayowachunguza polisi.

Kuhusu wanajeshi, sitamdharau mzee. Misri ilimchagua Mohamed Morsi kuwa Rais Juni 2012, kwa karibu asilimia 52. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 30 Juni 2013, umati mkubwa ajabu ukajaa mitaani ukitaka aondoke. Alikuwa ameshajitia udhaifu mwenyewe kwa kujipa madaraka yasiyohojiwa na mahakama, na waandamanaji walikuwa na hoja. Tarehe 3 Julai Jenerali Abdel Fattah el-Sisi akamwondoa. Kufikia Novemba mwaka huohuo ikatoka sheria ya maandamano iliyoipa wizara ya mambo ya ndani uwezo wa kuyapiga marufuku, na baadhi ya walioshangilia mwezi Julai wakajikuta jela kwa kuandamana. Sri Lanka mwaka 2022 mambo yalikwenda vingine. Watu waliingia ikulu tarehe 9 Julai, Rais Gotabaya Rajapaksa akakimbia nchi na kutuma barua ya kujiuzulu kutoka Singapore. Barua ilikwenda kwa Spika, na tarehe 20 Bunge likamchagua Ranil Wickremesinghe awe Rais. Wengi barabarani hawakumtaka kabisa, lakini jeshi halikuketi kitini, na mwaka 2024 wananchi wakapiga kura wakamweka mwingine.

Mimi tofauti naiona katika swali la nani alipokea madai. Kule Cairo kuna waliofurahia ndege za jeshi zikipita juu yao. Kule Colombo barua ilipelekwa kwa Spika. Kwa hivyo mwambieni mzee hivi: hofu yake ina msingi siku mtakapobeba bango linaloliita jeshi. Kabla ya hapo, mwenye kuliita jeshi huwa ni serikali, na hata hiyo imefungwa na Kifungu cha 241: wanajeshi wakipelekwa kutuliza ghasia nchini, ni lazima Bunge la Taifa liidhinishe. Juni 2024 waliitwa, Bunge likaidhinisha kesho yake, Chama cha Mawakili kikaenda Mahakama Kuu, na jaji, ingawa aliwaacha wabaki, akaamuru serikali itangaze wazi upeo wa kazi yao na muda wake.

Haya, barua yenu. Kibali hakipo katika sheria. Kifungu cha 5 cha Sheria ya Utulivu wa Umma, Sura ya 56, kinataka taarifa kwa mkuu wa kituo cha polisi cha eneo husika, isiyopungua siku tatu na isiyozidi siku kumi na nne kabla ya siku yenyewe. Muandike jina kamili na anwani ya mwandalizi, tarehe, saa, na mahali au njia mtakayopita. Maandamano yawe kati ya saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni. Mkuu wa kituo anaweza kuwaambia siku hiyo haiwezekani ikiwa watu wengine walishapeleka taarifa ya mahali hapohapo saa hiyohiyo, na anapaswa kuwajulisha kwa maandishi. Akiona hatari ya wazi na ya karibu ya kuvunjika kwa amani, anaweza pia kuyazuia. “Hatujapokea maagizo kutoka juu” si mojawapo ya sababu hizo.

Miaka mingi iliyopita nilipeleka taarifa ya kina mama waliokuwa wanadai maji. Askari wa dawati aliisoma mstari wa kwanza, akaiweka chini ya kikombe chake cha chai, akasema bosi hayupo. Nilikuwa na nakala ya pili mkononi. Nikamwomba aipige muhuri tu, aandike saa. Akasema wino umekauka. Nikakaa kwenye benchi. Baada ya saa moja na nusu hivi akaupulizia muhuri pumzi ya mdomo, akaubana kwenye karatasi, ikatoka nusu ya tarehe. Nusu hiyo ndiyo niliyokwenda nayo mahakamani wale kina mama walipokamatwa kwa “kukusanyika bila taarifa”. Kwa hivyo nakala mbili, mwanangu, sikuzote. Na mtu wa pili wa kushuhudia.

Kuhusu kivuko, hapo nawakataza kabisa, na sizungumzi kama wakili peke yake. Sisi wa Pwani hatuhitaji kukumbushwa Mtongwe, Aprili 1994, feri ilipozama na watu wake. Umati uliojaa jazba ndani ya feri ni hatari hata kama hakuna askari hata mmoja. Tena mkiziba njia ya kivuko mnamzuia mgonjwa anayekimbizwa hospitali kuu na mama anayewahi soko, yaani watu walewale mnaosema mnawatetea, na mnampa mkuu wa kituo sababu ya kuwazuia iliyokamilika. Vukeni kama abiria wa kawaida, wawili wawili, watatu watatu, bila mabango. Mkutane kisiwani, muanzie hapo. Basi taarifa yenu iende kituo chenye eneo hilo la kisiwani, si cha Likoni peke yake; huenda barua yenu ya kwanza ilikuwa na kasoro hiyo pia.

Wateueni watu wenu wa kusimamia msafara, wavae vizibao vya rangi moja, na akitokea mgeni mwenye jiwe wamwonyeshe kwa polisi na kamera zikiwa zinarekodi. Wahuni wa kulipwa wapo, na wanajua kukaa katikati. Kila mmoja awe na nambari ya wakili imeandikwa mkononi kwa kalamu, kwa kuwa simu ndiyo kitu cha kwanza kuchukuliwa. Akikamatwa mtu, afikishwe mahakamani haraka iwezekanavyo, isizidi saa 24. Ikiwa saa hizo zinaisha mahakama ikiwa imefungwa, basi siku ya kwanza ya kazi inayofuata. Ndiyo sababu wenye uzoefu hawaandamani Ijumaa. Chagueni Jumanne.

Wakikataa kupokea taarifa tena, andikeni jina na nambari ya askari, saa, na maneno aliyosema, muitume taarifa hiyohiyo kwa rejista ya posta na kwa barua pepe, kisha mje Mahakama Kuu hapa Mombasa chini ya Kifungu cha 22 na hati ya dharura. Risiti ya posta msiitupe.