Muziki wa simu kwenye runinga: acha kurusha simu nzima

Siku mama alipotimiza miaka 70, kazi ya muziki niliichukua mimi. Wiki nzima nilikuwa nikipanga nyimbo anazozipenda, moja baada ya nyingine, hadi nikaridhika. Wageni walipojaa sebuleni nikaunganisha simu na kile kifaa kidogo kinachochomekwa nyuma ya runinga, kioo cha simu yangu kikatokea chote kwenye runinga, na muziki ukaanza. Wimbo wa tatu ulipofika katikati, simu ikaita. Muziki ukakatika, mlio wa simu ukajaa sebule nzima. Nikakata, wimbo ukarudi. Haukupita muda ukaingia ujumbe wa rafiki yangu kuhusu ugonjwa wake, habari aliyoniambia mimi peke yangu, na watu wasiopungua ishirini wakausoma kwa herufi kubwa kabla sijauondoa. Mpaka leo nikiikumbuka siku ile naumia.

Mpwa wangu, kijana wa sekondari, alinisogelea akaninong'oneza: "Mjomba, wewe hurushi muziki. Umerusha simu nzima."

Tangu hapo nimejifunza jambo hili kwa bidii, na kila ninayemwona akisumbuka na muziki wa runinga namweleza lile lile nililoelezwa na mpwa wangu, kwa sababu karibu kila tatizo linatoka hapo.

Ziko njia mbili, na watu huziita zote kwa jina moja. Ya kwanza ni kuakisi: kila kinachoonekana kwenye kioo cha simu na kila sauti inayotoka humo vinapelekwa kwenye runinga papo hapo. Mzigo wote unabebwa na simu. Miracast, iliyoanza mwaka 2012, hufanya kazi hivyo. Ya pili ni kurusha kwenyewe, ile iliyoenea na vifaa vidogo vya kuchomeka vya aina ya Chromecast kuanzia mwaka 2013. Hapa simu haibebi wimbo hata kidogo. Inakipa kifaa agizo tu: wimbo uko mahali fulani kwenye intaneti, kauchukue. Kifaa kinapita kwenye ruta, yaani kile kisanduku kinachogawa waifai, kinauchota wimbo kutoka kwenye seva (kompyuta zinazohifadhi nyimbo) za huduma unayotumia, na simu inabaki kuwa rimoti. Spotify Connect, njia ya huduma ya muziki ya Spotify, nayo ni hivyo hivyo.

Ukilielewa hilo, mengi yanajieleza yenyewe. Simu ikiita, muziki hausimami, maana haukuwa unapita kwenye simu. Unaweza kutoka nje ukaongea huku watu wanaendelea kucheza. Ujumbe ukiingia, unauona wewe peke yako. Chaji nayo haiishi kwa kasi ile ya kuakisi, ambako kioo lazima kiwe kimewaka saa zote.

Unajuaje unatumia njia ipi? Angalia ulikobonyeza. Kama ulianzia kwenye mipangilio ya simu, au kwenye ile menyu ya kuvuta kutoka juu ya kioo, kuna uwezekano mkubwa unaakisi. Anzia ndani ya programu ya muziki yenyewe, utafute alama ya mstatili wenye vijistari vitatu vya mviringo kwenye kona ya chini. Kisha fanya jaribio hili, mimi huwafanyisha watu wote: wimbo ukishaanza, weka simu kwenye hali ya ndegeni, na uhakikishe waifai ya simu nayo imezimika. Wimbo ukiendelea, umerusha. Ukikatika, simu ndiyo iliyokuwa inaubeba.

Wenye iPhone watakutana na AirPlay, njia ya Apple yenyewe, iliyoanza mwaka 2004 kwa jina la AirTunes na kubadilishwa jina mwaka 2010. Hiyo iko katikati. Ukichagua kupeleka sauti tu, ujumbe wako hauonekani kwa watu, ila kwa kawaida sauti inatoka kwenye simu, kwa hiyo usiondoke nayo ukaenda mbali.

Sasa tuje kwenye malalamiko ninayoyasikia kuliko yote: "Kifaa hakionekani kwenye simu." Mara tisa kati ya kumi shida iko kwenye mtandao. Simu na kifaa lazima viwe kwenye waifai moja, na si kwa jina tu. Ruta nyingi zina mtandao wa wageni, ambao umetengenezwa makusudi ili vifaa vilivyomo visionane. Kwa usalama ni jambo zuri, kwa muziki ni ukuta. Nilipoteza Jumamosi nzima kwa sababu hiyo, nikarudisha kifaa kwenye hali ya kiwandani mara tatu, kumbe simu ilikuwa imejiunga yenyewe na mtandao wa wageni. VPN, yaani programu inayopitisha intaneti ya simu kwenye njia ya siri, ikiwa imewashwa nayo huleta shida hiyo hiyo. Izime, ujaribu tena. Kama ruta yako inatoa majina mawili, moja la gigahetsi 2.4 na jingine la gigahetsi 5, kwa kawaida huo ni mtandao mmoja wenye milango miwili, lakini zipo ruta zinazoitenganisha. Ukiwa na shaka, weka vyote kwenye jina moja uone.

Na uchague mlango upi? Mawimbi ya 2.4 hufika mbali na hupenya kuta vizuri zaidi, lakini yana msongamano: majirani wapo humo, Bluetooth imo humo, na maikrowevu ikiwashwa huyavuruga. Ya 5 yana nafasi zaidi ila huchoka haraka yakikutana na kuta. Kama ruta iko chumba kimoja na runinga, nenda na 5. Chromecast ya kwanza kabisa inajua 2.4 tu, kwa hiyo usihangaike kuutafuta mtandao wa 5 kwenye kifaa hicho. Halafu kuna jambo ambalo watu hulitupa pamoja na boksi: kile kipande kifupi cha waya wa HDMI. Kazi yake mojawapo ni kukisogeza kifaa mbali kidogo na mgongo wa runinga, maana runinga yenyewe huyaziba mawimbi. Kitumie.

Kwa wanaotegemea hotspoti ya simu, kuna mambo mawili. Simu inayotoa hotspoti mara nyingi haiwezi kukirushia kifaa kilichojiunga nayo, kwa hiyo utahitaji simu ya pili iwe rimoti. Na bando linaloliwa ni la ile inayotoa hotspoti. Hesabu yake si ngumu: muziki wa kilobiti 320 kwa sekunde hula megabaiti 144 kwa saa, wa kilobiti 160 hula 72, na wa kilobiti 96 hula kama 43. Usitegemee kwamba ubora mdogo uliouchagua kwenye simu utafuatwa na kifaa, maana kinachochota wimbo ni kifaa chenyewe. Na ukirusha video ya wimbo badala ya wimbo, hesabu hiyo haifai tena. Video hula data mara nyingi zaidi. Kama watu wamekaa wanaongea na hakuna anayeitazama, rusha sauti.

Umeme. Hili lilinitesa wiki mbili. Muziki ulikuwa ukikatika, runinga inakuwa nyeusi, kifaa kinawaka upya kama kimetoka dukani. Nililaumu ruta, nikalaumu intaneti, na vyote havikuwa na kosa. Kifaa nilikuwa nimekichomeka kwenye tundu la USB la runinga ili kupunguza nyaya. Tundu la kawaida la USB 2.0 hutakiwa kutoa ampea 0.5, na vifaa vingi vya kurushia huhitaji ampea 1 au zaidi. Kikianza kufanya kazi kwa nguvu, umeme haukitoshi, kinazimika. Nilipokihamishia kwenye chaja yake ukutani, tatizo likaisha siku hiyo hiyo. Faida nyingine ni kwamba kifaa hubaki macho hata runinga ikiwa imezimwa, na kama umeiruhusu HDMI-CEC, kipengele kinachoruhusu kifaa kuiamuru runinga kupitia tundu la HDMI, kwenye mipangilio ya runinga, ukirusha wimbo runinga huwaka yenyewe.

Nyimbo zilizo ndani ya simu zina habari yake, na hapa nakuomba uwe makini, maana ndizo zenye thamani kubwa kwa wengi wetu. Mimi nina rekodi nilizozihamisha kutoka kaseti za zamani za mama, na hakuna huduma ya intaneti inayozijua. Kifaa hakiwezi kuzichota mtandaoni kwa sababu hazimo. Kinachofanyika ni simu yenyewe kugeuka seva ndogo, kifaa kikawa kinazichota kutoka humo. VLC ya Android, programu ya kuchezea muziki na video, inaifanya kazi hii vizuri na ndiyo ninayoitumia. Lakini sasa mzigo umerudi kwa simu. Ukiizima au ukatoka nayo nje ya waifai, muziki unakatika. Adui mkubwa ni kile kipengele cha kuokoa chaji: simu ikilala dakika kadhaa, inaiua programu na wimbo unakufa nao. Ingia kwenye mipangilio ya betri, uiondolee programu hiyo kizuizi, kisha ichomeke simu kwenye chaja. Faili za MP3, AAC, FLAC na WAV huchezwa bila tabu. Za WMA, ambazo wengi tulizirithi kutoka kompyuta za zamani, hazimo kwenye orodha ya Chromecast. Zibadilishe mapema, usingoje wageni wafike. Na nakala za rekodi kama hizo ziweke mahali pengine pia, si kwenye simu peke yake.

Kuhusu sauti. Runinga nyingi za siku hizi ni nyembamba mno kuweza kubeba spika nzuri, na hakuna mpangilio utakaobadilisha hilo. Kama una spika ya pembeni, iunganishe kwa tundu la HDMI lililoandikwa ARC, au kwa waya wa optiki. Bluetooth kutoka runinga kwenda spika inafanya kazi, ila sauti inabanwa kwa mara nyingine njiani, na mimi nasikia tofauti. Wakati mmoja kulikuwa na Chromecast Audio, iliyotoka mwaka 2015 kwa ajili ya spika tu, bila runinga kabisa. Ilisitishwa mwaka 2019, na kwa maoni yangu wapenzi wa muziki tulipoteza kitu cha maana sana.

Sauti ina vidhibiti viwili, cha kifaa na cha runinga, na watu huvichanganya. Cha kifaa kipandishe karibu na mwisho, halafu ongeza au punguza kwenye runinga au spika. Ukifanya kinyume, unaongeza nguvu ya sauti iliyokwisha kudhoofika. Kwenye mipangilio ya sauti ya runinga chagua muziki, kisha zima ile hali ya kuizungusha sauti chumba kizima. Imetengenezwa kwa filamu, na huyafanya maneno ya mwimbaji yasikike kama yanatoka bombani. Na ukibonyeza kitufe, subiri. Agizo linachukua sekunde moja au mbili kufika. Ukibonyeza mara nne, litatekelezwa mara nne.

Jingine dogo: kwenye simu za Android, kila aliye kwenye waifai yako anaweza kupata taarifa ya wimbo unaocheza, na akausimamisha bila hata kukusudia. Ingia kwenye programu ya Google Home, fungua mipangilio ya kifaa, uzime ruhusa ya wengine kudhibiti unachorusha.

Mwisho ni kioo cha runinga. Muziki ukicheza kwa muda wa saa tatu au nne, picha ya jalada la albamu inabaki pale pale, na kwa runinga za OLED, ambazo kila nukta ya kioo hujitolea mwanga wake, picha isiyosogea kwa muda mrefu inaweza kuacha alama ya kudumu. Runinga nyingi zina kitufe au kipengele cha kuzima picha na kuacha sauti. Kitafute kwenye menyu ya picha au ya kuokoa umeme. Mama hupenda hivyo: taa zimepunguzwa, runinga nyeusi, na zile rekodi zake za kaseti zinacheza kuanzia ya kwanza. Simu yangu huwa iko chumba cha pili, kwenye chaja.