Kuondoa waksi ya zamani kabla ya kupaka seramiki

SWALI: Fundi, habari za kazi? Nina Toyota ya bluu iliyokoza ambayo kwa miaka mitatu nimekuwa nikiipiga waksi kila baada ya miezi miwili au mitatu. Sasa nataka kuipaka seramiki, ile dawa ya maji inayokauka na kuwa utando mgumu wa kulinda rangi. Kijana anayenioshea gari anasema nipitishe petroli bodi nzima ili waksi yote itoke; jirani yangu anasema sabuni ya vyombo inatosha. Nimsikilize nani? Msomaji, Dar es Salaam.

JIBU: Nzuri, ndugu yangu. Kuhusu petroli nakuomba usiiguse kabisa. Ni kweli kwamba huyeyusha waksi, lakini huharibu pia raba za milango na plastiki za bampa, huacha utando wa kemikali zilizochanganywa ndani yake, na mvuke wake hushika moto kwa cheche ndogo tu. Mafuta ya taa nayo hayafai, kwa sababu yataondoa waksi na kuacha mafuta yake mahali pale pale.

Jirani yako hajakosea sana, ila anaitegemea sabuni kupita uwezo wake. Waksi nyingi za magari zina nta ya karnauba, itokayo kwenye majani ya mti wa jamii ya michikichi unaoota kaskazini mashariki mwa Brazili, na nta hiyo haiyeyuki mpaka ifikie nyuzi joto zaidi ya 80 za Selsiasi. Sabuni ya vyombo itatoa grisi na uchafu ulioganda juu, itaipunguza waksi iliyochoka, lakini haiwezi kukuhakikishia kwamba klia, yaani lile tabaka angavu lililo juu ya rangi, imebaki tupu. Na utupu huo ndio unaoutafuta, maana seramiki hushikana na klia yenyewe. Ikikuta waksi, itashika waksi, na waksi ikiachia itaondoka nayo. Kama ungekuwa unapaka waksi nyingine ya kawaida, ningekuambia uoshe vizuri upake, basi.

Anza kwa kuosha gari kivulini, bodi ikiwa imepoa, kwa shampuu kali ya magari au hata hiyo sabuni ya vyombo kwa mara hii moja. Tumia maji ya bomba ukiweza, kwa kuwa maji ya visima vingi vya pwani yana chumvi na huacha madoa yakikaukia kwenye rangi. Kisha vaa mfuko laini wa nailoni kwenye vidole na upitishe polepole juu ya boneti ikiwa bado imelowa. Vidole vitupu hudanganywa na utelezi wa waksi, lakini kupitia nailoni utasikia vijipunje kama mchanga mwembamba: hizo ni chembe za chuma za breki, lami na utomvu wa miti. Vijipunje hivyo huondolewa kwa udongo maalumu wa kusafishia rangi, unaosuguliwa taratibu juu ya maji mengi ya shampuu, na sehemu kubwa ya waksi hutoka navyo. Kipande cha udongo kikianguka chini, kitupe, usikifute ukaendelea, kwa sababu punje moja ya mchanga itachora boneti nzima.

Rangi iliyokoza huonyesha mikwaruzo ya mviringo ikipigwa na jua, na ukiifunika kwa seramiki utaishi nayo. Kwa hiyo ipolishi kwanza, kwa polishi nyepesi, ukikumbuka kwamba klia kwa kawaida haifiki hata unene wa unywele. Polishi humaliza waksi iliyosalia, lakini yenyewe huacha mafuta yanayoficha mikwaruzo.

Hapo ndipo inapohitajika alkoholi ya isopropili. Chukua ile ya asilimia 70, ichanganye nusu kwa nusu na maji yaliyochujwa chumvi, nyunyizia sehemu ndogo ndogo, kisha futa kwa kitambaa cha maikrofaiba na umalizie kwa kingine kikavu. Usitumie spiriti ya vidonda, kwani baadhi hutiwa mafuta ya nyonyo ili isikaushe ngozi. Jaribu kwanza mahali pasipoonekana, na kama kuna upande uliopigwa rangi upya hivi karibuni, uache hadi fundi rangi athibitishe kwamba umekauka hadi ndani.

Usipite haraka kwenye kingo za boneti, chini ya vitasa na kuzunguka nembo. Niliwahi kupaka seramiki gari jeusi bila kufuta vizuri ukingo wa boneti, na baada ya wiki chache maji yalikuwa yakisimama kama shanga katikati na kutandaa ukingoni. Seramiki ikishakauka haitoki kwa alkoholi. Ilinibidi niikwangue kwa polishi na kurudia boneti yote.

Ukishafuta, usiguse bodi kwa mkono mtupu, na paka seramiki siku hiyo hiyo kabla vumbi halijatua. Ilaze gari ndani angalau saa 24 bila kuguswa na maji, na usiioshe kwa sabuni mpaka wiki moja ipite.