Kabla hujapeleka mzigo Ngazija, jua Mfaransa anaanzia wapi

Nimepata ujumbe wa msomaji, binti wa Temeke: "Dada, naona unapeleka mzigo Ngazija, kule Komoro, na mambo yanakunyookea. Nianzie wapi, na mtaji kiasi gani?" Namjibu hapa hadharani kwa sababu najua mko wengi mnaolitaka jibu hilohilo. Na kwa sababu mwaka huu mapazia na seti za vyombo zimeisha zote kabla harusi za Agosti hazijamalizika, na sioni aibu kulisema. Walioniambia "nchi ya mapinduzi ile, utaliwa hela" wapo palepale Kariakoo wanagombania mteja mmoja watu sita.

Mtaji utaujua mwenyewe kwa mfuko wako. Anza na historia. Ndiyo, historia. Usinune.

Komoro ni visiwa vinne: Ngazija, Mwali, Nzwani ambacho kwenye ramani kimeandikwa Anjouan, na Maore ambacho dunia inakiita Mayotte. Vitatu ni nchi yenye rais wake Moroni, mji mkuu ulio Ngazija. Cha nne ni Ufaransa, na tangu tarehe 31 Machi 2011 ni mkoa kamili wa Ufaransa, pesa yake yuro, askari wake Wafaransa. Kutoka Nzwani hadi Maore ni kama kilomita 70 za maji, karibu sawa na Dar na Unguja. Kwa hiyo ukisikia Mkomoro anamsema Mfaransa, usidhani anamsema mtu wa Paris. Anamsema jirani.

Mfaransa alikichukua Maore mwaka 1841 kwa mkataba na Andriantsoly, mtawala aliyetokea Madagaska. Vile vingine viliwekwa chini ya ulinzi wake mwaka 1886. Desemba 1974 ikapigwa kura ya uhuru, na ukijumlisha visiwa vyote karibu asilimia 95 walisema ndiyo. Ila Maore peke yake karibu theluthi mbili walisema hapana. Hapo ndipo ugomvi ulipo mpaka leo: Moroni wanasema kura ilikuwa moja ya nchi moja, Paris wakahesabu kisiwa kimoja kimoja. Ahmed Abdallah, rais wa kwanza wa Komoro, akatangaza uhuru tarehe 6 Julai 1975, na hata mwezi haujaisha akapinduliwa. Februari 1976 suala la Maore likafika Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa na Ufaransa ikapiga kura ya turufu. Tazama bendera ya Komoro: nyota nne. Ya nne ni Maore, na hakuna serikali ya Moroni iliyothubutu kuifuta.

Kwa nini muuza mapazia ajue haya yote? Nitawaambia.

Tulikuwa Itsandra, kaskazini kidogo ya Moroni, nyumbani kwa mama mmoja aliyekuwa anamwoza binti yake. Tumeketishwa ukumbini, marobota yetu bado hayajafunguliwa, sinia la wali na samaki limeshaletwa. Mjomba wa bi harusi ndiye mwenye neno la mwisho pale, maana Ngazija ukoo unahesabiwa kwa mama na nyumba ni ya mwanamke. Mzee anakijua Kiswahili vizuri, aliishi Unguja ujanani kama Wangazija wengi wa rika lake. Mazungumzo yakafika Maore. Mwenzangu niliyesafiri naye, simtaji jina, akafuta mdomo akasema: "Lakini mzee, wale si walichagua wenyewe? Na hospitali wanazo."

Mzee hakugomba. Alivuta joho lake begani, akamwambia mwanawe atoe sinia, na tulikuwa hatujashiba. Dada yake alikuwa na mtoto wa kike aliyepanda kwassa, zile boti ndogo za kuvukia usiku, akajifungulie Maore, na boti haikufika. Tangu Januari 1995 Mfaransa alipoweka viza kati ya Maore na visiwa vingine, watu waliokuwa wakienda kumsalimia shangazi kwa nauli ya chombo sasa wanapita kwa kujificha, na waliokufa baharini ni maelfu. Mimi habari hizo nilikuwa nimezisoma kabla sijafunga hata robota moja, nikanyamaza. Yule mama alinunua mzigo wangu. Wa mwenzangu ulirudi ulivyo.

Ikawa kosa langu! Alirudi Kariakoo akatangaza kwamba nimemwibia wateja, kwamba "yule mwanamke anajifanya Mngazija". Mtu niliyemkopesha hela ya kulipia ushuru. Mpaka leo tukikutana kwenye korido anaangalia simu. Haya, Mungu ndiye hakimu.

Tuendelee. Pesa. Faranga ya Komoro imefungwa kwenye yuro, yuro moja ni faranga 491.96775, na hazina ya Ufaransa ndiyo mdhamini. Kwa mfanyabiashara maana yake ni hii: huko bei haikuyumbishi, shilingi yako ndiyo itakayokuyumbisha. Piga hesabu zako kwa yuro kuanzia siku ya kununua. Wasomi wa Moroni wanalumbana kama kamba hiyo ni msaada au ni kitanzi, na wote wana hoja. Wewe sikiliza tu, usitoe hukumu.

Tena, pesa yenyewe inatoka Ufaransa. Wakomoro waliojaa Marseille na Paris ndio wanaojenga nyumba na kulipia anda, ile harusi kubwa ambayo mwanamume wa Ngazija asipoifanya, hata akiwa na mvi, hakai mbele kwenye bangwe, uwanja wa mji. Wanashuka Julai na Agosti likizo ya Ulaya, na wenyeji wamewabandika jina la "je viens", Kifaransa cha "naja". Mzigo uwe umefika Juni. Ukifika Septemba utakopesha, na kudai kwa simu ukiwa Dar ni kazi nyingine.

Ali Soilih, aliyeshika nchi baada ya mapinduzi ya 1975, alitaka kuifuta anda kabisa kwa kuwa inafilisi watu. Mei 1978 akaondolewa na mamluki Mfaransa, Bob Denard, aliyemrudisha yuleyule Abdallah, na muda mfupi baadaye Soilih akauawa. Novemba 1989 Abdallah naye akauawa ikulu, Denard akiwa palepale. Mwaka 1995 Denard akarudi kupindua tena, safari hii jeshi la Ufaransa likaja kumkamata. Anda ipo. Imewashinda wote hao.

Mnaokwenda Nzwani, angalizo. Mwaka 1997 kisiwa kile kilijitenga na kuomba kirudi kwa Mfaransa, naye akakataa. Machi 2008 wanajeshi wa Tanzania na Sudan wakashuka na jeshi la Komoro kumwondoa Kanali Mohamed Bacar aliyekuwa anakitawala, akakimbilia wapi? Maore. Nikisema natoka Tanzania, wapo wazee wa Mutsamudu, mji mkuu wa Nzwani, wanaonishika kwa mikono miwili, na wapo vijana wanaogeuza uso. Usijisifu kwa habari za jeshi letu. Na usianze kuwafundisha visiwa na bara wanavyopaswa kuishi, sisi wenyewe ya kwetu ya Muungano hatujayamaliza.

Sasa niwaambie ukweli vijana, maana mnapenda njia za mkato. Mnataka namba ya wakala, namba ya mteja, bei ya meli. Hamtaki kusoma. Mtu anatafuta mamilioni lakini hajui kwamba Aprili 2023 Ufaransa ilipoanza operesheni ya kufukuza watu Maore, Wakomoro waliizuia meli ya waliorudishwa isiingie Nzwani. Siku kama hizo bandarini kunanuka baruti, na wewe na makontena yako unashangaa kwa nini hakuna anayepokea simu. Soma. Fuatilia habari zao kila asubuhi kama unavyofuatilia bei ya dola. Mheshimu mtu na kidonda chake kabla hujamwuzia pazia. Ukitaka kushindana na mimi huko, karibu, bahari haina fremu, lakini njoo umesoma.

Namba ya wakala wangu sitoi. Gati la majahazi lipo wazi, nenda kaulize kama nilivyouliza mimi.