Mtihani wa mdomo: jiandae kwa maswali, usikariri hotuba

Miaka niliyokaa upande wa watahini imenionyesha kwamba wengi wanaokwama kwenye mtihani wa mdomo somo wanalijua. Kinachowaangusha ni hotuba waliyoikariri neno kwa neno. Namkumbuka binti mmoja aliyekuwa akitiririka vizuri kabisa, mpaka mwenzangu alipomkatiza: "Hapo una maana gani?" Akanyamaza, akatazama dari, kisha akaanza upya kutoka sentensi ya kwanza. Hakuwa na njia nyingine ya kurudi kwenye hoja yake, na iliniuma, kwa sababu hoja yenyewe ilikuwa nzuri.

Kwa hiyo andika vidokezo, si hotuba. Mtihani wa mdomo wa fasihi na lugha katika International Baccalaureate, mfumo wa kimataifa wa masomo ya shule, humruhusu mwanafunzi kuingia na vidokezo visivyozidi 10, azungumze dakika 10, kisha aulizwe maswali kwa dakika 5. Hata kama mtihani wako hauruhusu karatasi, jizoeze kwa mtindo huo. Sentensi ya kwanza tu ndiyo ya kukariri, maana utaisema huku moyo ukikudunda.

Muda mwingi upeleke kwenye maswali. Chukua kila kidokezo ukihoji: kwa nini? Mfano uko wapi? Asiyekubaliana nami atasemaje? Halafu mtafute mtu akuulize bila mpangilio, tena akukatize makusudi katikati ya sentensi. Asiwe rafiki wa kukuonea haya. Asiyesoma somo lako anafaa hata zaidi, kwa sababu atauliza yale ambayo wewe na mwalimu wako mmeshazoea kuyaruka. Majibu yako yatolewe kwa sauti. Kujibu kimoyomoyo hakuhesabiki.

Jirekodi kwa simu pia. Sauti yako itakukera mwanzoni, lakini vumilia usikilize wapi unameza maneno na wapi unakimbia.

Ukiulizwa usilolijua, usibuni. Vuta pumzi, sema, "Hilo sina hakika nalo, ila ninachokijua ni hiki," kisha ujenge hoja kutoka hapo. Ukimya wa sekunde chache humtisha anayejibu. Sisi tuliokaa ng'ambo ya meza mara nyingi tulikuwa bado tunaandika. Na swali usipolielewa, omba lirudiwe. Wengi waliogopa kuomba, wakajibu swali ambalo hatukuwauliza.