Nimekatwa ada za ovadrafti kimakosa: je, nidai, ilhali mkopo wenyewe una riba?

SWALI: Assalamu alaykum Shehe. Mimi ni mfanyabiashara wa mchele hapa Mwanjelwa, Mbeya. Mwaka jana benki ilinipa ovadrafti, yaani ruhusa ya kutoa zaidi ya nilichonacho kwenye akaunti, mpaka shilingi 5,000,000. Ijumaa moja akaunti ilikuwa inasoma hasi 4,780,000. Kabla sijaenda msikitini nikaweka 1,200,000 dirishani, risiti ninayo. Jumamosi nikamlipa mwenye lori 600,000. Kumbe zile nilizoweka wameziingiza Jumatatu, kwa hiyo nikahesabiwa nimepita kikomo, nikakatwa ada ya 25,000 mara tatu. Wiki ya nyuma yake nilikatwa nyingine kama hiyo, lakini ile kweli nilizidisha. Nilipolalamika nikaambiwa, "Ulisaini." Ndugu mmoja msikitini ananiambia ninyamaze, kwa kuwa niliingia kwenye riba kwa miguu yangu. Mwingine anasema niseme sikuwahi kusaini karatasi ya ada. Nifanyeje? Na wakinirudishia, hela hiyo ni halali?

JIBU: Wa alaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh.

Ndugu yangu, nianze na huyo aliyekwambia unyamaze, maana maneno yake yanasikika kama ucha Mungu na ndiyo maana yanawanyamazisha wengi. Mkopo ule ni wa riba, hilo halina mjadala. Katika Hadithi ya Jabir iliyopokewa na Muslim, Mtume (s.a.w.) amemlaani mla riba, mwenye kuilipa, mwandishi wake na mashahidi wake wawili, akasema wote ni sawa. Kwa hiyo toba unayo ya kuleta, wala sitakupunguzia hapo. Lakini dhambi yako kwa Mwenyezi Mungu haiifanyi mali yako iwe ya kuokotwa na kila mtu. Isome Aya ya 279 ya Suratul Baqara. Wanaosemeshwa pale ni wale wanaowadai watu riba, nao wanaambiwa: mkitubu, basi haki yenu ni rasilimali zenu, msidhulumu wala msidhulumiwe. Ikiwa aliyekuwa akikamua watu riba, akitubu, mtaji wake unalindwa, vipi wewe uliyekuwa unakamuliwa uambiwe huna haki hata ya kuuliza?

Na Mtume (s.a.w.) mwenyewe alifuatwa na mtu aliyekuwa akimdai ngamia, akamsemesha kwa ukali mpaka Maswahaba wakataka kumshughulikia. Akawaambia: "Mwacheni, mwenye haki ana la kusema." Kisha akaamuru alipwe ngamia bora kuliko wake. Wameipokea Bukhari na Muslim. Basi kudai kwako ni halali, na mimi naona udai, kwa sababu kosa lililokupata wewe huenda limewapata na wauza viazi na akina mama wa ndizi wasioweza kusoma taarifa ya akaunti.

Sasa huyo wa pili. Usimsikilize kabisa. Ulisaini, na unajua ulisaini. Mtume (s.a.w.) amesema kwamba yeye ni binadamu, watu wanamletea kesi, na huenda mmoja akawa hodari wa hoja kuliko mwenzake, akahukumu kwa alivyosikia, basi atakayekatiwa kitu katika haki ya mwenziwe asikichukue, kwani amekatiwa kipande cha moto. Hayo ni ya Bukhari na Muslim. Kama hukumu iliyotoka mdomoni mwa Mtume haihalalishi haki ya mtu, sembuse sahihi ya meneja wa tawi?

Tena huhitaji uongo, hesabu yako inajitetea. Toa 1,200,000 kwenye deni la 4,780,000: zinabaki 3,580,000. Ongeza 600,000 za lori: 4,180,000. Hukufika milioni 5. Kilichokupitisha ni pesa yako kulala kwao siku tatu bila kuingizwa. Kwa hiyo unachodai ni 75,000 za ada tatu, pamoja na riba ya siku hizo juu ya fedha zilizokuwa tayari mikononi mwao.

Ile 25,000 ya wiki ya nyuma usiichanganye humo. Mimi naiona nayo ni riba, kwa kuwa ni nyongeza juu ya deni inayokwenda mfukoni kwa mkopeshaji. Lakini mbele ya benki haikuwa kosa la kuhesabu. Unaweza kuomba wakusamehe, na uiite ombi. Ukiiandika kwamba walikukata kimakosa, umesema uongo.

Andika barua, usibaki kubishana dirishani. Yule binti wa kaunta hakuzipanga ada hizo, usimtolee maneno. Ambatanisha nakala ya risiti (halisi ibaki kwako) na taarifa ya akaunti, mistari mitatu ya makato umeipigia alama, kisha nakala yako ya barua igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Wakikaa kimya au jibu lisikuridhishe, Benki Kuu ina kanuni za mwaka 2019 za kuwalinda watumiaji wa huduma za fedha, inapokea malalamiko, na tawi lake lipo hapo hapo Mbeya. Kwenda huko kutafuta haki yako si kuhukumiwa kwa batili.

Halafu toka kwenye ovadrafti hiyo. Lipa, funga. Najua mtaji wa mchele wakati wa mavuno haungoji mtu, na si haki nikwambie "acha" kisha nikuache njiani. Sheria ina mlango wa bei salam: mteja wako wa Dar es Salaam anakulipa bei yote leo, nawe unampelekea mchele baadaye. Mtume (s.a.w.) aliwakuta watu wa Madina wakifanya hivyo kwenye matunda, akaweka sharti la kipimo kinachojulikana, uzani unaojulikana na muda unaojulikana. Basi mwandikiane kilo, daraja la mchele na tarehe ya kukabidhi. Msiandikiane magunia matupu, maana gunia letu huku likishaingia lumbesa, yaani kujazwa kupita kiasi, hakuna anayejua uzito wake. Na bei ilipwe yote pale pale mnapokubaliana. Kutanguliza nusu hakutoshi katika madhehebu yetu ya Shafi.

Ama fedha watakayokurudishia, ni mali yako halali, ile iliyotoka kwako. Ila kama afisa ataona akurahisishie na kukurudishia zote nne, 100,000, bila kutamka kwamba ya nne wamekusamehe, rudi ukamuulize. Akisema wamesamehe, chukua. Akisema wamekosea, mwachie 25,000 zake.

Wallahu a'lam.