Wadogo zangu, pimeni kwanza ndipo mshike spana

Jumamosi iliyopita walikuja gereji vijana wawili na fremu ya baiskeli ndani ya gunia. Wakatoa shikamoo kwa adabu zote, huku wanatabasamu kama waliookota pochi. Gunia likafunguliwa. Peugeot ya resi, ya chuma, zile lagi zake (soketi za maungio ya mabomba) zimechongwa kingo kama nakshi ya mlango wa Unguja, na yote, kuanzia uma wa mbele mpaka masikio ya nyuma yanayoshika gurudumu, imepigwa spreyi ya dhahabu ya Kariakoo. Juu ya stika. Juu ya thredi. Nikaipindua niangalie nyumba ya bibi (BB, kwa mliojiunga jana: pale chini ekseli ya pedali inapopita, ikishikwa na vikombe viwili vya thredi, cha kulia na cha kushoto), nikakuta alama tatu za patasi kwenye kikombe cha kulia. Nikaomba maji ya kunywa.

Hasira nilikuwa nazo, sitaficha. Ila zile alama za patasi niliziangalia kwa muda, kwa sababu ule mwandiko naufahamu. Ni wangu, wa miaka kumi na miwili iliyopita. Kwa hiyo naandika haya kwenu nyie mnaonunua baiskeli za resi za mtumba na kutaka kuzirudisha zilivyotoka kiwandani. Someni mpaka mwisho, halafu ndiyo mje kunigongea geti saa moja asubuhi.

1. Fremu ina uraia.

Kabla ya spana, shika venia, kile kipimo cha milimita. Pima bomba la siti kwa nje, mahali ambapo rangi haijavimba. Ukipata milimita 28.6, una Mwingereza, Mtaliano au Mjapani. Ukipata 28.0, huyo ni Mfaransa, na kuanzia hapo mengi uliyojifunza kwenye Phoenix ya baba yako yaweke kando. Stemu yake, ile inayoshika usukani, ni 22.0 wakati ya wenzake ni 22.2. Thredi ya uma ni 25 kwa 1, yaani upana milimita 25, na milimita 1 kati ya jino na jino. Pedali ni 14 kwa 1.25, si zile za inchi 9/16, na zimegongwa D na G, kulia na kushoto kwa Kifaransa. Kuna mmoja alirudisha pedali dukani akagombana na muuzaji kwamba ameuziwa feki, maana tangu azaliwe hajaona baiskeli yenye upande wa G.

Miaka ya 1980 Wafaransa walianza kuachana na vipimo hivyo, kwa hiyo fremu ya mwanzoni mwa muongo huo inaweza kuwa chotara. Usibishane na mtu, pima. Na usiniambie milimita 0.2 ni kitu gani. Stemu ya 22.2 ukiigonga kwa nyundo itaingia kwenye uma wa Kifaransa. Kuitoa ndiyo utanitafuta.

2. Rangi iacheni.

Sabuni, maji, kitambaa, nta ya gari. Basi. Kromu yenye kutu isugue na foili ya jikoni iliyolowa maji, utashangaa. Bibi yangu (huyu ni bibi wa kweli) alikuwa anasafisha masinia ya shaba kwa ndimu na majivu, na sinia likitoka hapo unajiona uso. Hakuwahi kulipaka rangi.

PX-10, baiskeli ya resi ya Peugeot ile inayojulikana, ni nyeupe, lagi nyeusi. Timu yao ilivaa jezi ya vyumba vyeupe na vyeusi kama ubao wa drafti, na Bernard Thévenet alishinda Tour de France ya 1975 na ya 1977 akiwa nao. Mikwaruzo ya baiskeli ya miaka hiyo ndiyo cheti chake cha kuzaliwa. Wewe umekuja na kopo la dhahabu.

3. Bibi.

Haya, kaeni chini.

PX-10 yangu niliipata kwenye kontena la mtumba, kwa bei ambayo muuzaji angejua anauza nini angenifukuza. Stika ya Reynolds 531, yale mabomba ya chuma mepesi, ilikuwa bado inasomeka. Kranki (mikono ya pedali) za Stronglight, breki za Mafac, kila kitu cha kwake. Niliibeba begani mpaka nyumbani, na baiskeli ipo na pumzi, nimeona tu ni dhambi kuikalia.

Wakati huo nilikuwa nimeshafungua Raleigh na Phoenix nyingi, na kanuni niliijua kama jina langu: kikombe cha kulia kina thredi ya kushoto, ukitaka kukifungua unazungusha kwa kufuata saa. Kanuni ni ya kweli. Kwa Mwingereza. Mfaransa ana 35 kwa 1, na vikombe vyake vyote viwili vina thredi ya kawaida. Hilo hakuna aliyeniambia, na mimi sikuuliza, maana mtaani nilishaanza kuitwa fundi na fundi anaulizaje?

Siku ya kwanza nilikaza mkono, nikafuata saa, hakuna kitu. Nikamwagia mafuta ya taa, nikalala. Siku ya pili nikavalisha spana bomba la maji la futi tatu, nikamkalisha mtoto wa jirani juu ya fremu isicheze. Mke wangu akapita na ndoo, akasimama, akaangalia. Akasema, "Mume wangu, mbona hiyo kama unaikaza?"

Nikamweka chini nikampa somo. Thredi ya kushoto, mwendo wa kranki, kwa nini Waingereza walifanya hivyo. Dakika kumi nzima. Alinisikiliza kwa heshima, akachukua ndoo yake akaenda.

Siku ya tatu nikaleta moto wa gesi. Ile rangi nyeupe ikaanza kuwa kahawia, ikafanya mapovu kama chapati. Nikarudi kwenye bomba, nikaning'inia. Kra! Robo mzunguko. Nilipiga kelele majirani wakadhani nimeng'atwa na nyoka. Robo nyingine, laini. Nyingine, laini zaidi, kama unakoroga ugali ambao haujashika. Chini ya fremu ikawa inadondoka chenga ya chuma, nikajisemea kutu hiyo inatoka. Chenga ilikuwa inang'aa, wadogo zangu. Kutu gani inang'aa?

Jioni akapita mzee mmoja aliyekuwa anatengeneza baiskeli chini ya mwembe pale kwetu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Hii imetoka wapi?"

"Ufaransa."

Hakusema neno. Akachomoa bomba langu akalitupa pembeni, akashika spana tupu, akazungusha kinyume na saa. Kikombe kikatoka kabla sijameza mate. Kimetoka na thredi ya fremu imekizunguka, imejikunja kama springi ya kalamu. Akakiweka kiganjani mwangu, bado kina joto, akaniuliza, "Hiki kilikuwa na ugonjwa gani?"

Nikakigeuza. Njia ya gololi ilikuwa inang'aa kama kioo, haina hata tundu moja la kutu. Hakikuwa na ugonjwa. Nilikuwa nakitoa kwa sababu niliona mafundi wanatoa. Ningeweza kufungua upande wa kushoto, nikapitisha tambara lenye mafuta ya taa, nikaweka grisi na gololi mpya, na nusu saa baadaye niko barabarani.

Mngedhani niliishia hapo. Fremu ilikuwa bado inaokoka: Mfaransa aliyekufa thredi anachongwa kuwa Mtaliano, milimita 36 kwa thredi 24 kwenye inchi, maana tundu la 36 linameza lile la 35 lililoharibika. Mzee mwenyewe alinitajia mkerezaji wa kwenda kumwona. Lakini nilikuwa na aibu, na aibu ina haraka. Nikapanda nayo bodaboda mpaka kwa jamaa anayetengeneza magrili ya madirisha. Akasema hiyo kazi ndogo, tunajaza ndani kwa kuchomelea, halafu tunachonga upya. Nikasema jaza.

Mabomba ya 531 ni membamba, chini ya milimita moja, na lagi zake zimeshikwa kwa shaba iliyoyeyushwa taratibu, na mtu aliyejua moto wake. Yule bwana akapiga umeme. Nilisimama pale nikaona shaba inatoka kwenye maungio ya mabomba ya nyuma kama jasho, matone ya njano, yakidondoka kwenye mchanga. Nyumba ya bibi ikawa yai. Niliokota tone moja lilipopoa na ninalo mpaka leo kwenye droo ya spoku.

Ile fremu mnaiona uani, pale ukutani, ile mnayotundikia makoti ya mvua. Ndiyo hiyo. Hakuna aliyewahi kuniuliza, nami nilikuwa nashukuru.

Basi, kwa kifupi: kikombe cha kulia kikiwa kizima, kiacheni. Kikilazimika kutoka, toeni kwanza cha kushoto, maana hicho kwa wote hufunguka kawaida, mpime thredi yake. Ikiwa 35 kwa 1, cha kulia kijaribuni pande zote mbili kwa nguvu ya mkono kabla ya kufikiria bomba, kwa kuwa kuna Mswisi mwenye vipimo vilevile vya Mfaransa ila kulia kwake kunafungukia kwa Kiingereza. Na mke akisema unakaza, simama.

4. Tairi ya 28 si tairi ya 28.

Ukienda dukani ukasema "nipe tairi ya 28", utapewa 28 kwa 1½, ya Phoenix, inayokaa kwenye rimu ya 635. Resi yako ni 622, ndiyo hiyo 700C, au 630 kama ni ya inchi 27. Tairi ya 635 kwenye rimu ya 622 inacheza kama kanzu ya kuazima. Soma zile namba ndogo ubavuni mwa tairi, hazidanganyi. Na kama rimu haina kingo za kushika tairi, imebonyea tu juu kama bakuli la uji, hiyo ni ya tairi za gundi, usihangaike kutafuta tyubu.

5. "Vya enzi yake" maana yake vya kwake.

Kila kijana anataka kuweka Campagnolo kwa sababu jina analisikia. Nzuri sana, kwenye baiskeli iliyotoka nayo. PX-10 ilitoka na direla (vihamisha mnyororo) za Simplex, na sikio lake la nyuma lina tundu lisilo na thredi. Ili direla nyingine ikae inabidi uchonge 10 kwa 1, na ukishachonga, hairudi. Simplex ina sehemu za plastiki, Delrin, watu wanaicheka. Plastiki ya miaka hamsini ukiikaza kwa hasira itapasuka, kweli, basi ikaze kama unafunga chupa ya chai ya mgonjwa.

Puli ya kung'olea kranki za Stronglight ni milimita 23.35. Ya kawaida ni 22, inapwaya humo, na aliyeizungushia utepe wa fundi bomba anajijua.

Ila raba za breki, waya, tyubu na gololi: vipya, bila mjadala. Raba za 1974 zimekauka kama kokwa la embe na bajaji haijali uhalisi wako. Stemu ya alumini ichomoe uiangalie kwenye ule mpasuo wa chini, ukiona ufa hata wa unywele, iweke kabatini kama kumbukumbu.

6. Grisi.

Alumini ndani ya chuma, hewa ya bahari, bila grisi, ni ndoa. Nguzo ya siti ichomoe kila baada ya miezi mitatu, ipake, irudishe. Mwenzenu wa Kigamboni aliitoa ya kwake kwa msumeno wa chuma kutokea ndani, Jumapili mbili mfululizo, na sasa ndiye anayewafokea wengine kuhusu grisi kuliko mimi.

7. Hesabuni gololi.

Weka sinia chini kabla hujafungua. Kwa kawaida bibi ana 22 za robo inchi, 11 kila upande zikiwa hazina kasha. Habu (kitovu cha gurudumu) ya nyuma 18 za saizi hiyohiyo, ya mbele 20 za 3/16. Hesabu zikitoka, hesabu zikirudi.

Sasa wewe wa dhahabu. Nimeanza kuitoa ile spreyi taratibu, kipande cha kiganja kimoja karibu na shingo, na chini yake nyeupe ipo, na ukingo mweusi wa lagi upo. Kikombe cha kulia ni kizima, patasi ilikwaruza nje tu, kwa hiyo hatukigusi. Bomba la siti ni 28.0, unajua maana yake. Kopo lako la gololi liko kwenye rafu, kando ya redio. Nimezihesabu mara mbili, ziko 21. Kaangalie kwenye gunia.